Kikundi chetu cha utambulisho mtandaoni kimelala: tukifunge au tukifufue?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea hapa Tanga mjini. Tulianza mwishoni mwa 2019, kipindi cha kusajili laini kwa alama za vidole. Tuliwasaidia watu kufuatilia namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa), kufungua barua pepe, kulinda akaunti zao. Baadaye tukawa tunafundisha mashuleni. Tulikuwa 14, mkutano wa mwisho tulikaa 2022, na leo tunaopokeana simu ni watatu tu. Mwenyekiti anasema tusivunje, tusubiri mfadhili. Mwenzetu wa tatu anataka tufunge. Kuna kampuni imeomba tuipe jina la kikundi na orodha ya watu tuliowahudumia ili iendeleze kazi. Kikoa chetu, yaani anwani ya tovuti na barua pepe zetu, kimesajiliwa kwa jina la mwanachama aliyehamia Mwanza. Mweka hazina hapokei simu, na benki kuna kama laki sita. Tufanyeje? — Katibu, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nakupa maoni yangu mwanzoni ili usiyatafute mpaka mwisho: kifungeni. Ila msikimbilie kura. Kuna vitu vya watu vimo mikononi mwenu, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa kutangulia, ziwe kura zimeelekea kufunga au kufufua.

Najua mwenyekiti atasema mbona vyama vingi vinalala na hakuna linaloharibika. Ni kweli kwa vyama vingi. Tanga hii imekuwa na vikundi vya kila namna. Black Star na Lucky Star walivuma na taarabu yao, zama zao zikapita, na kunyamaza kwao hakukumwibia mtu chochote. Timu ya mtaa ikikosa wachezaji, jezi zinabaki kwenye sanduku la nahodha na maisha yanaendelea. Kikundi chenu kina hali nyingine. Kazi yenu ilikuwa kusimama kati ya mtu na akaunti yake. Mlimwambia bibi wa Makorora, "weka namba yangu hapa, ukisahau nywila nitakusaidia." Mkamwandikia mama lishe namba yake ya NIDA kwenye daftari ili msihangaike tena kesho. Ninyi mmelala, lakini ile namba ya simu bado inafungua akaunti ya bibi, na lile daftari bado lipo kwa mtu. Jina lenu linaendelea kumdhamini kila atakayelitumia, hata msiyemjua.

Nitakaa zaidi kwenye suala la laini, maana hapo ndipo naona hatari kubwa, na barua yako haikuligusa.

Rudi nyuma kidogo. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, mwisho ukawa 31 Desemba, kisha ukaongezwa mpaka 20 Januari 2020. Mnakumbuka foleni zile. Watu wengi waliokuja kwenu walikuwa na simu za kitochi, hawajawahi kuwa na barua pepe, na walikuwa na haraka. Vikundi vingi vya vijana nilivyoshauri wakati ule vilifanya jambo moja kwa nia njema kabisa: wakamfungulia mtu barua pepe, na pale panapoulizwa namba ya kurejesha akaunti wakaweka namba ya kijana wa kikundi, au laini moja ya kikundi kizima. Ninyi mlifanya hivyo? Kama ndiyo, kaa na wenzako wawili mwandike laini zote zilizotumika, nani anazo, na zimesajiliwa kwa namba ya NIDA ya nani.

Sababu ni hii. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na baadaye ile namba hugawiwa mteja mwingine. Huyo mteja mpya hana kosa lolote, amenunua laini yake kihalali. Siku akijaribu kuingia Facebook au kwenye barua pepe kwa namba hiyo, anaweza kuletewa akaunti ya mtu asiyemjua, ujumbe wa uthibitisho ukaja kwenye simu yake, na mlango ukafunguka. Akiwa mwema ataachana nayo. Akiwa tapeli, ana picha za bibi, majina ya wanawe, na watu watakaoamini ujumbe wa "nimekwama, nitumie hela kwenye namba hii". Tunaujua utapeli wa "tuma kwa namba hii" ulivyowaliza watu nchi nzima. Utapeli huo unapotoka kwenye akaunti halisi ya mama mzazi, hata kijana msomi hushawishika.

Upande mwingine, kama laini bado iko hai na imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwanachama wenu, uchunguzi wa lolote litakalofanywa kwa laini ile utaanza kwa kumtafuta yeye. Awaambie kwanza yuko wapi na laini hiyo iko kwa nani. Apige pia *106# aone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Asiyoitambua, aende nayo ofisi ya kampuni husika ikafutwe. Hili kila mmoja wenu alifanye, hata asiyekuwa na laini ya kikundi. Mnakumbuka wale mawakala waliokuwa wakimwambia mteja "kidole hakijasoma, bonyeza tena", kumbe kidole cha pili kinasajili laini ya mtu mwingine.

Sasa, mtawafikiaje wenye akaunti? Msiwapigie simu. Nalisisitiza hili kwa sababu ndilo kosa ambalo kikundi chenye nia safi hulifanya kirahisi. Ukimpigia mzee ukamwambia "sisi ni wale vijana wa kikundi, utaletewa namba kwenye simu, tusomee", umemfundisha kwa mdomo wako mwenyewe kumkubalia tapeli wa wiki ijayo. Kila mlichokuwa mkifundisha kinafutika. Nendeni kwa miguu. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, mweleze, muombe aongozane nanyi au awape kijana wa mtaa. Kaeni na mwenye akaunti, simu iwe mkononi mwake, aweke namba yake au ya mwanawe anayemwamini, abadilishe nywila, na ninyi mtoke mkiwa hamna tena uwezo wa kuingia. Kazi ya dakika 20 kwa mtu mmoja, labda zaidi kwa mzee asiyeona vizuri. Ngamiani peke yake, kuanzia barabara za mwanzo mpaka za mwisho, mtatumia Jumamosi kadhaa. Ni kazi ya jasho, na naiona kuwa ya heshima kuliko semina zote mlizowahi kufanya.

Baadhi ya akaunti zitakuwa zimeshakufa. Google ilitangaza Mei 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huohuo. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Kwa hiyo orodha yenu itapungua yenyewe. Msitegemee kupungua huko, lakini. Akaunti ya Facebook inaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Na wale msiowapata? Waliohama, waliofariki, waliojulikana kwa jina moja tu? Msiingie kwenye akaunti zao kwa kisingizio cha kuzilinda, hata kama nywila mnaijua. Akaunti ni ya mtu. Mnachoweza kufanya ni kuiweka ile laini hai: itiwe salio, itumike mara kwa mara, ikae kwa mtu mmoja aliyetajwa kwenye muhtasari wa kikao, kwa mwaka mmoja baada ya tangazo la kufunga. Katika mwaka huo wengine watajitokeza. Ukiisha, mmefanya linalowezekana.

Baada ya laini ni daftari. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mwenye daftari lenu basi ana jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na pengine mtaa. Kwa wengine ana hata jina la mama. Ukimpigia mtu ukamtajia hayo yote, atakuamini wewe ni ofisa wa benki. Wakati mnaandika mwaka 2019 hatukuwa na sheria mahususi ya jambo hili. Sasa ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, nayo ina Tume yake. Msingi wake kwa kikundi kama chenu ni mwepesi kuuelewa. Taarifa ya mtu ikusanywe kwa kusudi linalojulikana, itumike kwa kusudi hilo, na isikae muda mrefu kuliko kusudi lenyewe linavyohitaji. Kusudi lenu lilikuwa kumsaidia mtu apate namba na asajili laini kabla ya Januari 2020. Limekwisha. Daftari halina sababu ya kuwepo.

Msilichome leo, kwa sababu mnalihitaji kuwatafuta wenye akaunti. Zoezi la mitaani likiisha, liharibuni mbele ya mashahidi wawili, muhtasari uandikwe, watie saini. Na daftari la karatasi ndilo rahisi. Tafuteni nakala zake: picha za fomu zilizopigwa kwa simu ili "zisipotee", faili kwenye Google Drive ya mwanachama aliyeacha, picha zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp zikajihifadhi kwenye simu za wote 14, karatasi za vivuli zilizobaki kwa mwenye stesheneri. Mtawaandikia wanachama wote, pamoja na waliokasirika wakaondoka, kuwaomba wafute na wajibu kwamba wamefuta. Baadhi hawatajibu. Waandikeni kwenye muhtasari kwamba waliombwa tarehe fulani.

Vitabu vya fedha, stakabadhi, katiba, mihtasari na cheti msiviguse. Hivyo ni kumbukumbu za kikundi. Somo mlilokuwa mkifundisha shuleni nalo lihifadhiwe vizuri, kama mlivyoliandika kwa Kiswahili chenu wenyewe, nitalirudia chini.

Sasa kikoa. Hapa nitakusimulia mfano wa mbali kwa sababu unafanana na wenu kuliko unavyodhani. Mwaka 2011 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, walianzisha njia ya kuingia kwenye tovuti kwa barua pepe yako bila kutunga nywila mpya kila mahali. Ikaja kuitwa Persona. Tovuti nyingi hazikuifuata. Machi 2014 wafanyakazi wake walihamishiwa kazi nyingine, huduma ikabaki ikiendeshwa kwa matengenezo ya lazima na mikono ya wanaojitolea. Ikalala, kama ninyi. Januari 2016 wakatangaza kwamba itazimwa tarehe 30 Novemba mwaka huo. Tazama mambo matatu waliyoyafanya: walitoa notisi ya zaidi ya miezi kumi ili wenye tovuti wahame, walisema data za watumiaji zitaharibiwa, na anwani ya persona.org waliamua kubaki nayo wenyewe wasimpe mtu mwingine. La tatu ndilo la kutia akilini. Programu yenyewe ilikuwa wazi kwa yeyote kuichukua na kuiendeleza, lakini jina ambalo tovuti za watu zililiamini halikugawiwa, kwa kuwa atakayelishika angeweza kujifanya mtu yeyote.

Ninyi hamna watumiaji wa dunia nzima, ila mantiki ni ileile. Kikoa chenu kisipolipiwa kitaachiliwa, na yeyote anaweza kukisajili. Akishakisajili atatengeneza anwani ya barua pepe ileile mliyokuwa mkitumia. Je, ukurasa wenu wa Facebook ulifunguliwa kwa barua pepe ipi? Akaunti ya benki ilitoa barua pepe ipi? Ataomba nywila mpya, itatumwa kwenye anwani ambayo sasa ni yake, naye ataingia kwenye ukurasa ambao wazazi wa wanafunzi wenu wanaufuata. Kwa hiyo mpangilio una maana: kwanza hamisheni kila akaunti iliyofungwa kwenye barua pepe ya kikoa, kisha ndipo mguse kikoa. Mkianza kinyume mtajifungia nje wenyewe.

Ndugu yenu wa Mwanza mwandikieni kwa upole. Amekuwa akilipa kwa mfuko wake, labda bila hata shukrani. Mwombeni kikoa kihamishiwe kwa mmoja wenu watatu kupitia msajili aliyekisajili, mmrudishie alicholipa kama fedha ipo. Kilipieni miaka miwili zaidi. Kwenye anwani hiyo pawe na maneno machache tu: kikundi kimefungwa tarehe fulani, hakina mtu anayepiga simu kwa jina lake, hakiombi fedha wala namba za uthibitisho, na mwenye swali amwone nani. Tangazo hilohilo lipandishwe juu ya ukurasa wa Facebook na libandikwe kwenye ofisi za mitaa mliyofanya kazi.

Kundi la WhatsApp lisiachwe tu kwa watu kujitoa mmoja mmoja. Admini wa mwisho akitoka, WhatsApp humpa uadmini mwanakundi mwingine bila kuwauliza, na anaweza kuwa mtu aliyeingia kwa kiungo tu mnamo 2020. Badilisheni kiungo cha mwaliko, ruhusuni maadmini pekee kuandika, wekeni tangazo, baada ya mwezi waondoeni watu wote, mwishowe mtoke.

Kuhusu ile kampuni, jibu ni hapana, na usilifikishe hata kikaoni kama jambo la kupigiwa kura. Orodha si mali ya kikundi. Mama wa Mabawa aliwapa ninyi namba yake ili mumsaidie kusajili laini. Hakumpa mtu mwingine ruhusa ya kumuuzia kitu. Kwa sheria niliyoitaja, kumpa mtu mwingine taarifa hizo kwa kusudi jingine bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa, na bila sheria bado ingekuwa kuvunja amana. Jina nalo msilitoe. Kama kampuni hiyo inataka kwa dhati kuwafundisha watu wa Tanga kujilinda, ianze kwa jina lake, nanyi muipe somo lenu bure. Wakilikataa somo na kung'ang'ania orodha, mtakuwa mmejua walichokuja kutafuta.

Nimfikirie na mwenyekiti, kwa sababu naona anabeba uchungu wa kweli. Pengine anaona kufunga ni kukiri kwamba mmeshindwa. Mwambie kwamba hata huko kunakotungwa taratibu za utambulisho wa mtandaoni, vikundi hufungwa kila mara na hakuna anayevaa sanda. IETF, wanaotunga itifaki za intaneti (kanuni ambazo kompyuta hufuata kuwasiliana), huunda kikundi kazi kwa jukumu maalumu na jukumu likiisha kinahitimishwa. Kumbukumbu zake zinabaki wazi. Mwaka 2005 kijana mmoja Mmarekani, Brad Fitzpatrick, alianzisha OpenID, wazo la mtu kuwa na utambulisho mmoja anaouchagua mwenyewe wa kuingilia tovuti nyingi. Huduma kadhaa zilizosimama juu ya wazo hilo zimefungwa. MyOpenID ilizimwa tarehe 1 Februari 2014. Mwezi huohuo ikazinduliwa OpenID Connect, ambayo mpaka leo inafanya kazi nyuma ya vitufe vingi vya "ingia kwa akaunti yako ya Google". Huduma zimekufa, kazi imepita kwenye mikono mingine.

Kazi yenu bado inahitajika, hilo nakubaliana na mwenyekiti moja kwa moja. Kuna watu Chumbageni na Duga ambao hawajawahi kusikia kwamba *106# ipo, wala kwamba namba ya tapeli hutumwa 15040. Lakini haja kuwepo ni jambo moja, na watu wa kuifanya kazi kuwepo ni jambo jingine. Mfadhili hawezi kutoa watu. Nimeona fedha ikimwagwa kwenye kikundi kilicholala: linanunuliwa bango, zinanunuliwa fulana, miezi sita baadaye wako watatu walewale na sasa wana ripoti ya kuandika. Kumpa fedha mtu aliyechoka ni kumwongezea mzigo.

Mpe mwenyekiti kipimo badala ya ubishi. W3C, jumuiya inayoweka viwango vya wavuti, ilipoanzisha mwaka 2011 utaratibu wa vikundi vya jamii vinavyoweza kuanzishwa na mtu yeyote, iliweka sharti dogo: wapatikane watu watano wa kuunga mkono. Chukueni idadi hiyo. Mwenyekiti apewe siku 60 atafute watu watano, majina kamili, kila mmoja ataje kazi moja atakayoifanya na siku gani ya wiki, bila posho na bila kutaja mfadhili. Akiwapata, nitafurahi, na waanze kikundi kipya chenye jina jipya, bila daftari la zamani na bila laini za zamani. Asipowapata, atakuwa ameona mwenyewe na hutalazimika kumshawishi.

Kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kazi inaweza kuendelea bila kikundi. Wewe na mwenzako mkikubaliana na mkuu wa shule moja, tuseme Usagara au Galanos, kwenda mara moja kwa mwezi kuwafundisha wanafunzi wa klabu ya kompyuta, mnahitaji ruhusa ya shule na somo lililoandaliwa. Katiba, akaunti ya benki na mwenyekiti havihitajiki. Ndiyo maana nikasema somo lihifadhiwe. Lichapisheni, nakala moja mpeleke maktaba ya mkoa, nyingine muwape walimu wa TEHAMA mliowahi kushirikiana nao, na muandike waziwazi kwamba yeyote anaruhusiwa kulitumia na kulirekebisha. Someni upya kabla ya kulitoa. Ushauri wa 2019 wa kubadilisha nywila kila mwezi, kwa mfano, uondoeni, mweke nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili.

Mkutano wenyewe utakuwa mfupi kama hayo yametangulia. Fungueni katiba mtazame kifungu cha kuvunja kikundi na akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili uamuzi upite. Katiba nyingi zinataka theluthi mbili ya wanachama, nanyi watatu kati ya 14 hamtoshi. Soma pia kifungu cha ukomo wa uanachama: kama asiyelipa ada au asiyehudhuria kwa muda fulani hukoma kuwa mwanachama, akidi inahesabiwa kwa waliobaki. Kama hakuna kifungu hicho, toeni notisi ya maandishi kwa wote, mkubali kura za simu kwa aliye mbali, na mwende kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri mapema. Kwa kuwa kikundi cha kijamii kama chenu husajiliwa huko, yeye ndiye atakayewaambia anataka barua na muhtasari wa namna gani ili cheti kirudishwe na jina lifutwe kwenye daftari lake. Kama usajili wenu ni wa NGO, taratibu ni za Msajili wa NGO na zina mlolongo mrefu zaidi. Anzeni kwa kuangalia cheti.

Imebaki laki sita na mweka hazina. Usimdhanie wizi kabla hujamwona. Mtu aliyeacha kuhudhuria huona aibu kupokea simu ya kikundi, na aibu hiyo hukua kila mwezi. Muendee nyumbani wawili, mmoja awe mtu mzima anayemheshimu, mumpelekee barua ya kumtaka akabidhi kitabu cha fedha na hundi, yenye tarehe. Akikabidhi, mshukuruni kwa maandishi. Asipojibu, kikao kichague mtia saini mwingine, muhtasari upelekwe benki pamoja na barua ya utambulisho kutoka halmashauri.

Fedha hiyo itumike kwanza kwa deni la kufunga: kikoa miaka miwili, salio la laini mwaka mmoja, kuchapisha matangazo na somo, nauli za kuzunguka mitaani. Kitakachobaki kiende pale katiba inaposema. Isiposema, kipeni kikundi kingine chenye kazi inayofanana kwa uamuzi wa kikao, msigawane. Barua ya mweka hazina iandike wiki hii, kabla hata ya orodha ya laini, kwa sababu benki haitabadilisha mtia saini bila muhtasari, na bila mtia saini hamtakuwa na cha kulipia kikoa muda wake utakapoisha.